Chumvi, mchanga na unga wa chuma: jinsi ya kuvitenganisha kwa vyombo vya jikoni

Kila mwaka huwapa wanafunzi wangu wapya kopo moja. Ndani kuna chumvi, mchanga, unga wa chuma na vumbi la mbao, vyote vimekorogwa pamoja. Nawaambia: nirudishieni kila kimoja peke yake, kikavu, kwa uzito uleule niliotia. Kundi la kwanza karibu kila mara hukimbilia maji. Wanamimina, wanakoroga, ndipo wanakumbuka sumaku. Wakati huo chuma kimeshalowa na kugandamana na mchanga, na kesho yake kimeanza kushika kutu.

Maji yatahitajika, ila zamu yake bado. Kazi hii yote ni suala la zamu, na zamu hupangwa kwenye karatasi kabla kopo halijafunguliwa.

Andika kwanza

Mchanganyiko ni vitu vilivyokaa pamoja bila kuungana kikemia. Kila kimoja bado kina tabia zake za asili, na tabia hizo ndizo utakazotumia kukitoa. Basi andika majina ya vitu vilivyomo, na mbele ya kila jina andika jambo moja ambalo kitu hicho hulifanya na wenzake hawalifanyi.

Chuma huvutwa na sumaku. Vumbi la mbao huelea. Chumvi huyeyuka majini. Mchanga hauvutwi, hauelei, hauyeyuki. Huo utabaki wenyewe baada ya wengine kuondoka, na kubaki nako ni namna ya kutengana.

Sasa panga. Inayotangulia ni njia isiyobadilisha hali ya vitu vingine, yaani sumaku. Inafuata ya maji, kwa kuwa ikishapita kila kitu kimelowa. Moto ni wa mwisho.

Vifaa

Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Sumaku, ya spika iliyokufa ina nguvu nzuri na mafundi redio huziuza kwa bei ya kutupa. Chupa ya maji ya plastiki ya lita moja na nusu, uikate katikati: sehemu ya juu ikigeuzwa kichwa chini ni faneli, ya chini ni chombo cha kupokelea. Karatasi ya kuchujia kahawa, au kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara nne. Sufuria mbili, sahani ya bati au ya kauri, na kijiko.

Hatua ya 1: Tengeneza mchanganyiko

Pima gramu 30 za chumvi ya mezani, gramu 30 za mchanga, gramu 5 za unga wa chuma na kijiko kimoja cha vumbi la mbao. Unga wa chuma utaupata kwa fundi anayepiga tupa, chini ya jiliwa lake. Vumbi la mbao omba kwa seremala, na chagua la mbao nyeupe. Mbao zenye rangi kali huchuja rangi yake majini na mwishowe utapata chumvi ya kahawia.

Mchanga usiuokote na kuutia hivihivi. Wa ufukweni unakuja na chumvi yake na vipande vya kombe, wa mtoni umebeba udongo utakaochafua maji. Uoshe mpaka maji ya juu yabaki maangavu, uanike, kisha upitishe sumaku juu yake ungali peke yake. Mara nyingi utaona chembe nyeusi zimerukia sumaku. Hizo ni magnetaiti, madini ya chuma, na usipoziondoa sasa zitakuharibia hesabu baadaye, chuma kitaonekana kimezaa.

Usidhani hilo ni jambo la darasani tu. Mchanga wenye madini mazito ndio uliochimbwa Kwale, Kenya, kuanzia 2013 hadi mwisho wa 2024. Kwanza maji yalitenga chembe nzito na nyepesi, kisha sumaku na umeme tuli vikazigawa zile nzito kuwa ilmenaiti, rutaili na zirkoni. Mitambo ilikuwa mikubwa, lakini swali lilikuwa lilelile la kwenye karatasi yako: kipi hufanya nini ambacho mwenzake hafanyi?

Hatua ya 2: Sumaku

Usiiguse sumaku moja kwa moja kwenye mchanganyiko. Mimi niliwahi kufanya hivyo mbele ya darasa zima, na jioni ile nikaimaliza nikikwangua unga wa chuma kwenye sumaku kwa kucha. Ifunge kwanza. Zamani tungesema ifunge kwa rambo. Kwa kuwa mifuko hiyo imepigwa marufuku, karatasi ya kawaida au karatasi ya kufungia mkate itafaa.

Tandaza mchanganyiko uwe mwembamba kwenye gazeti. Pitisha sumaku iliyofungwa juu yake, karibu kabisa bila kuburuta. Ipeleke juu ya sahani nyingine, kisha chomoa sumaku kutoka ndani ya karatasi: unga wote unaanguka kwa mara moja. Rudia mara nne au tano, kila mara ukitikisa gazeti ili chembe za chini zije juu. Mara ya kwanza utakuwa umebeba na mchanga kidogo uliodandia, kwa hiyo ulichokusanya nacho kipitishie sumaku upya.

Njia hii haifai kwa kila metali. Aluminiamu, shaba na hata baadhi ya vijiko vya chuma kisichoshika kutu havivutwi. Jaribu kabla ya kuahidi.

Hatua ya 3: Maji, na kipimo chake

Hapa watu hukosea kwa ukarimu. Gramu 100 za maji ya joto la kawaida huyeyusha kama gramu 36 za chumvi. Kwa gramu 30, mililita 85 zingetosha kwa kubana, tumia 120. Ukitia nusu lita, chumvi itayeyuka vilevile, ila utakaa jikoni jioni nzima ukiyachemsha maji yale yaondoke, na gesi ni yako.

Maji ya uvuguvugu huharakisha kazi lakini hayaongezi sana uwezo: hata yakichemka, chumvi inayoyeyuka kwenye gramu 100 ni kama gramu 39 tu. Sukari ni kinyume chake; kwenye nyuzi 20 tayari maji hayo hubeba kama gramu 200, na yakipata moto hubeba zaidi ya mara mbili ya hapo. Kumbuka tofauti hii, tutairudia.

Neno moja la lugha. Twasema barafu imeyeyuka na chumvi imeyeyuka, kana kwamba ni jambo moja. Barafu imebadilika kutoka yabisi kuwa kimiminika kwa sababu ya joto. Chumvi ya majini imesambaratika katikati ya maji, na joto si sharti. Ukitaka chumvi iyeyuke kama barafu, peke yake bila maji, itakubidi uifikishe nyuzi 801, na jiko lako haliwezi.

Koroga dakika mbili, acha kidogo. Vumbi la mbao litapanda juu. Liengue kwa kijiko mara moja, usilipe muda, maana likishanyonya maji huanza kuzama. Lisuuze kwa matone machache ya maji na maji hayo yarudishe chomboni, yana chumvi yako. Kisha lianike.

Hatua ya 4: Kutuamisha na kuchuja

Acha mchanga utuame. Maji ya juu yakiangaza, yamimine polepole kwenye chujio, mchanga uje mwisho. Ukianza na mchanga utaziba matundu na kila tone litakalofuata litapita kwa shida.

Karatasi ya chujio ilowanishe kwanza ili ishikane na faneli, na maji yasizidi ukingo wake, la sivyo yatapita pembeni bila kuchujwa. Mchanga ukishafika wote, umwagie mililita 10 za maji safi, ngoja zishuke, urudie. Uvivu wa hapa ndio unaofanya chumvi ipungue na mchanga uonje chumvi mwishoni. (Nasema uonje kwa mfano, kitu kilichopita kwenye unga wa chuma na vumbi la karakana hakionjwi.)

Chujio huzuia kilicho kikubwa kuliko tundu lake, basi. Chumvi iliyoyeyuka hupita, na ndiyo maana hata uchuje maji ya bahari mara mia yatabaki ya chumvi. Vijidudu vingi navyo hupita kwenye kitambaa, kwa hiyo maji yaliyoangaza baada ya kuchujwa bado yanahitaji kuchemshwa kabla ya kunywewa. Tui nalo ni somo: kifumbu huzuia machicha, lakini tui lenyewe, ambalo ni vitone vidogo vya mafuta vilivyotawanyika majini, hupita lote. Kulitenga tui huhitaji subira. Liache litulie, sehemu yenye mafuta mengi itapanda juu, maji yatakaa chini, na ukiliweka kwenye friji ile sehemu ya juu itaganda uinyanyue kama kifuniko.

Hatua ya 5: Kuvukiza

Mimina maji ya chumvi kwenye sahani na uiweke juu ya sufuria yenye maji yanayochemka, mvuke uipashe kutoka chini. Ukiweka sahani moja kwa moja motoni itakwenda vizuri mpaka maji yakaribie kwisha, kisha chumvi itaanza kurukaruka kama mahindi ya bisi, na kila chembe inayoruka ina moto wa kukuachia alama. Mkono wangu wa kushoto ni shahidi. Zaidi ya maumivu, chumvi iliyoruka haimo kwenye mizani.

Kama una siku tatu za jua, sahani pana iliyofunikwa kwa chandarua inatosha. Fuwele zitakuwa kubwa zaidi, na kwa kioo cha kukuzia utaona ni vijisanduku vyenye pembe mraba. Maji yanapoondoka taratibu, fuwele hupata muda wa kujipanga. Yanapokimbizwa na moto, unapata unga.

Hatua ya 6: Pima

Kausha kila kimoja, pima, kausha tena nusu saa, pima tena. Uzito ukiwa uleule mara mbili, kimekauka. Ukipata chumvi gramu 33 kutoka 30, usishangilie, ni maji. Ukipata 27, rudi nyuma kifikra: kijiko kilisuuzwa? Mchanga ulioshwa mara mbili? Chumvi ya mezani ina mchanganyiko wake wa madini joto na vitu vya kuzuia isigande, lakini ni kidogo mno kuonekana kwenye mizani ya jikoni.

Maji ya bahari yanataka akili zaidi

Ukishaweza kopo, jaribu lita moja ya maji ya bahari. Ina kama gramu 35 za chumvi za aina mbalimbali, na kama gramu 27 tu kati ya hizo ndizo chumvi tunayoijua. Zilizobaki ni za magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na nyinginezo. Ukichemsha mpaka sahani ikauke kabisa, umezikusanya zote pamoja: chumvi chungu, inayolowa yenyewe masika yakiingia, kwa sababu kloraidi ya magnesiamu hunyonya unyevu wa hewa.

Ila hazitoki kwa wakati mmoja. Maji yanapopungua, chokaa huanguka kwanza. Inafuata jasi, ambayo ni salfeti ya kalsiamu. Chumvi yenyewe huanza kujitokeza maji yakibaki kama sehemu ya kumi ya yalivyokuwa. Magnesiamu hung'ang'ania maji hadi mwisho. Ndiyo maana kwenye mashamba ya chumvi ya pwani maji huhamishwa kutoka bwawa hadi bwawa, na chumvi hukokotwa kabla bwawa halijakauka: chokaa na jasi zimeachwa nyuma, na maji machungu yanamwagwa.

Nyumbani fanya vivyo hivyo. Vukiza mpaka ibaki sehemu ya tano, chuja ule utando mweupe. Endelea mpaka fuwele ziwe nyingi na maji kidogo bado yapo juu yake, kisha mwaga maji hayo. Suuza fuwele kwa maji yaliyoshiba chumvi safi. Ukitumia maji matupu zitayeyuka mbele ya macho yako. Chumvi hii ni ya somo. Haina madini joto, na bahari ya karibu na mji hubeba mengi ya mjini.

Kanuni hii wazee waliifanyia kazi mbali na bahari pia. Uvinza, Kigoma, watu wamechemsha maji ya chemchemi za chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Ukitaka maji yenyewe: kukeneka

Katika hatua ya 5 maji yalikwenda hewani. Kama ndiyo unayoyataka, yakamate. Weka maji ya chumvi kwenye sufuria kubwa, kina cha vidole viwili. Katikati simamisha bakuli zito juu ya kijiwe ili mdomo wake uwe juu ya maji. Funika kwa mfuniko uliogeuzwa, kirungu kikielekea ndani juu ya bakuli, na juu ya mfuniko weka barafu au kitambaa chenye maji baridi. Moto mdogo. Mvuke utapanda, utagusa ubaridi, utageuka matone, yatateremka hadi kwenye kirungu na kudondokea bakulini. Tone la maji hayo likikauka kwenye kioo halipaswi kuacha doa. La maji uliyoanza nayo litaacha ukungu mweupe.

Ukitumia kipimajoto na uko Nairobi, usikilaumu kikisoma kama nyuzi 94 maji yakichemka. Huko juu hewa inakandamiza kidogo kuliko Dar es Salaam au Mombasa, ambako utaona 100.

Swali ambalo vijana huuliza kwa sauti ya chini: je, pombe? Ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78, maji kwenye 100, kwa hiyo ndiyo, hutangulia kutoka. Lakini mvuke wake hushika moto, kuikeneka bila leseni ni kosa kisheria, na methanoli iliyochanganywa humo imeua watu na kupofusha wengine. Kwenye darasa langu jambo hilo hubaki ubaoni.

Afadhali niwasimulie ya Pemba. Mafuta ya karafuu, ambayo zaidi ni yujenoli, huchemka peke yake karibu na nyuzi 254, joto la kuyaunguza majani yenyewe. Kiwanda cha makonyo (vikonyo vya karafuu) cha Wawi hukikwepa kikwazo hicho kwa kutumia mvuke wa maji. Vimiminika viwili visivyochanganyika vikichemka pamoja, kila kimoja husukuma mvuke wake kana kwamba mwenzake hayupo, na misukumo hiyo miwili ikijumlishwa hufikia ya hewa kabla ya nyuzi 100. Mafuta hutoka yakiwa yameshikwa mkono na mvuke. Yakipoa hujitenga na maji, na kinyume na mafuta ya kupikia, haya huzama chini kwa sababu ni mazito kidogo kuliko maji. Anayesubiri yaelee atayamwaga.

Rangi: kromatografia ya karatasi

Wino mweusi wa kalamu ya kuchorea ni mchanganyiko ambao sumaku, chujio na moto havitausaidia. Kata ukanda wa karatasi ya chujio. Chora mstari kwa penseli sentimita mbili kutoka chini. Ukichora kwa kalamu ya wino, mstari nao utaanza safari. Weka nukta ndogo ya wino juu yake, ikauke, uirudie. Ning'iniza ukanda kwenye glasi yenye maji ya sentimita moja, nukta ikae juu ya maji. Maji yakipanda yatabeba rangi: inayopenda maji kuliko karatasi itakwenda mbali, inayoshika karatasi itabaki nyuma. Wino wa biro hautasogea. Huo badilishia maji kwa spiriti, mbali na moto.

Kromatografia ilianzishwa na Mrusi Mikhail Tsvet mwanzoni mwa karne ya 20, akitenga rangi za majani ya mimea, ingawa yeye alitumia bomba lililojazwa unga wa chokaa, si karatasi. Ponda mchicha kwenye spiriti, urudie zoezi, na utaona kuwa kijani cha mchicha kina na manjano ndani yake.

Chumvi na sukari

Lazima mmoja aulize. Vyote vyeupe, vyote huyeyuka majini, havivutwi wala havielei. Tofauti ipo, ile niliyosema tutairudia: uwezo wa maji kubeba sukari hupanda sana kwa joto, wa chumvi karibu haubadiliki. Kwenye maabara yenye vifaa, hilo linatumika. Jikoni utapata shira nzito inayonata kila mahali na fuwele zilizochanganyika.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniletea chumvi tupu, safi, karibu uzito kamili, akitabasamu. Aliupika mchanganyiko mpaka sukari ikaungua kuwa mkaa, akatia maji, akachuja mkaa, akavukiza. Nikampa alama za chumvi, kisha nikamnyooshea mkono anipe na sukari yangu.